Mbung'o ndo mwenye pori: safari ya Saadani kutokea Tanga

Kila nikimwambia mtu nimetoka Saadani swali la kwanza ni lile lile, umemuona simba? Na mi najibu nimeona mbung'o, yule nzi mnyonya damu anayewaambukiza ng'ombe ugonjwa wa kuua. Wengi sana. Na wao ndo nataka kuanza nao kabla sijafika kwa twiga na tembo, kwa sababu tangu turudi nimekaa nikaisoma historia ya lile pori kidogo kidogo, na kila ninapogeuka namkuta mbung'o yupo, miaka ya misafara yupo, miaka ya mkonge yupo, mpaka leo hii kwenye dirisha la gari yupo, na mimi naamini kabisa bila yeye tusingekuwa na hifadhi ya kuitembelea pale. Kungekuwa na ng'ombe.

Kwa wasiopajua, Saadani iko hapa hapa kwetu jamani. Upande wa kaskazini ni Pangani, mkoa wa Tanga, upande wa kusini ni mkoa wa Pwani, huko kwa wenzetu wa Bagamoyo na Chalinze, na katikati ni kama kilomita za mraba 1,100 za nyika, msitu, mikoko na mchanga wa bahari. Ndo hifadhi pekee ya taifa ya wanyama wakubwa huku bara inayogusa Bahari ya Hindi. Lilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, likaja kupanuliwa na kupewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Lakini muulize mtu wa Ngamiani au Chumbageni hapa Tanga mjini kama ameshafika. Serengeti ataijua kwa kuiona kwenye tivii, Ngorongoro labda alipelekwa na shule, Saadani atakwambia nimepita pembeni nikienda msibani Mkwaja. Inaniuma hii, nasema ukweli, maana wageni wanavuka bahari kuja kukaa pale sisi tuko mwendo wa asubuhi moja tu na hatuendi.

Sisi tulienda na gari la kaka yangu mkubwa, yeye anaendesha, wifi mbele, mimi na binti yangu na mtoto wao wa kiume nyuma pamoja na ndoo ya maji na hotpoti la wali wa nazi ambalo wifi alilipakata kama mtoto mchanga. Tulitoka alfajiri. Barabara ya Pangani saa hizo ni raha, minazi pande zote, mashamba ya mkonge yanaanza na kuisha, halafu unateremka unakutana na mto umejaa maji ya kahawia na mji wa Pangani umelala pembeni yake na yale majumba yake ya zamani yanayobomoka taratibu. Tukapanga foleni ya kivuko. Mradi wa barabara ya lami ya kutoka Tanga kupita Pangani na Saadani mpaka Bagamoyo unakuja pamoja na daraja juu ya ule mto, likiisha hii habari ya kusubiri pantoni itakuwa hadithi tu ya wazee, lakini siku ile tulisubiri, tukanywa chai na vitumbua, na kaka akawaonyesha watoto huu ndo mji ambao Abushiri alinyongwa na Wajerumani Desemba 1889. Mtoto akauliza alifanya nini. Kaka akamwambia alikataa. Hakuongeza neno na mi naona alijibu vizuri.

Ukishavuka ukatokea Bweni unaingia kwenye vumbi, na hapo kwa sisi watu wa Tanga kuna kitu cha kusimamia kidogo hata kama hakuna cha kupiga picha. Huku ng'ambo ndo kuna Kikogwe, mahali mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipopandwa. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida kule Marekani, mingi ikafa njiani, ikafika hai 62 tu. Sitini na mbili! Kutoka kwenye hiyo ikaja Tanga yote tunayoijua, reli, bandari, makambi, manamba kutoka kila kona ya nchi, mababu zetu wengine walikuja kwa ajili hiyo tu wakaoa hapa wakazikwa hapa. Nawaambia hili sio kwa kutoka nje ya mada, mtaona linavyotupeleka moja kwa moja porini.

Kwa sababu wafanyakazi wa mkonge walitakiwa kula nyama. Mashamba ya mkonge ya kampuni ya Amboni yalikuwa na watu maelfu kwa maelfu, na miaka ya 1950 kampuni ikaamua kufuga ng'ombe wake yenyewe, wakachukua eneo kubwa pale Mkwaja, zaidi ya kilomita za mraba 400, wakaanzisha ranchi. Majani yapo, maji yapo, bahari ipo karibu kwa usafiri, ukiangalia kwenye karatasi unaona huu mpango hauna kasoro. Ila kwenye karatasi mbung'o haonekani. Wale ng'ombe waliishi kwa sindano na josho, sindano na josho, miaka karibu hamsini, na juu ya hapo migunga ikawa inaota kila mahali, ile midogo yenye miiba mirefu na vinundu vyenye sisimizi ndani, kazi ya kufyeka na kuchoma haiishi, ukigeuka nyuma imeota tena. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Miaka mitano baadaye ardhi ile ile ikawa sehemu ya hifadhi ya taifa.

Sasa tulipoingia kwa upande huo wa Mkwaja tukampata askari wa hifadhi wa kutuongoza, kijana wa makamo, mpole, anaongea taratibu, akamwambia kaka punguza mwendo funga vioo, na akamuangalia binti yangu aliyekuwa amevaa fulana ya bluu akasema mwanangu kama una kanga ya rangi nyingine jifunike. Mbung'o anapenda bluu na nyeusi, na ndo maana ile mitego yao inayoning'inia kwenye miti imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Anafuata pia kitu kinachotembea, gari likipita yeye anajua ni mnyama mkubwa kapita, anakuja. Walikuja. Kioo cha kaka kina ubovu hakifungi mpaka juu, na kupitia upenyo ule waliingia mmoja mmoja, na mbung'o sio mbu, mbung'o anakuuma juu ya nguo unaruka, unampiga anaanguka unafikiri amekufa dakika moja baadaye kaamka yuko shingoni.

Hapo ndo nikawaambia habari ya mjomba.

Marehemu mjomba wetu, kaka yake mama, alikuwa anafanya kazi ya kulisha mbung'o. Mtu asiyetoka Tanga akisikia hivyo anadhani ni fumbo, lakini wa Tanga wanajua, kile kituo cha utafiti wa mbung'o na nagana, huo ugonjwa anaowaambukiza ng'ombe, kipo mjini kwetu tangu zamani, na ndani yake walikuwa wanafugwa kwa mamilioni. Walilishwa damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, inawekwa chini ya utando mwembamba inapashwa joto la mwili, mbung'o wanatua wanatoboa wananyonya wakidhani wako juu ya ng'ombe. Mjomba alikuwa akirudi nyumbani bibi anamwambia nenda kaoge kwanza ndo uje unisalimie. Mbung'o jike hatagi mayai kama nzi wa kawaida, anabeba funza mmoja tumboni, anamlea humo humo, anamzaa, halafu anaanza mwingine, kwa hiyo kuwazalisha kwa wingi ni kazi ya subira kubwa sana. Na jike kwa kawaida anapandwa mara moja tu maishani. Ukimpata dume uliyempiga mionzi mpaka mbegu zake haziwezi kitu, ukamwachia porini akampanda yule jike, basi huyo jike ndo kamaliza, hatazaa.

Hilo ndo lililofanyika Unguja. Kuanzia mwaka 1994 ndege ndogo ilikuwa inaruka juu ya kisiwa na kumwaga madume tasa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla, na wote hao walizaliwa na kulelewa Tanga. Mwaka 1996 ndo mbung'o wa mwisho wa porini alionekana Unguja, mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina tena. Leo mtu wa Unguja anafuga ng'ombe wa maziwa bila wasiwasi huo na wengi hawajui kwamba ni kazi ya vijana wa Tanga waliokuwa wanapasha damu moto kila siku asubuhi. Mimi nalisema hili kwa fahari kabisa na sitaacha kulisema.

Yule askari alisikiliza yote hayo kimya, halafu akasema, dada, Unguja walimtoa wakapata maziwa, sisi hapa angetoka zamani haya yote msingeyakuta. Akanyoosha mkono nje. Na kweli kulikuwa na twiga pale, kundi, wanakula migunga ile ile iliyomshinda mwenye ranchi, na nyuma yao kuro wamesimama kwenye majani, na kongoni wawili juu ya kichuguu wanatuangalia.

Basi mjue kuna vitu vya ranchi mpaka leo humo ndani. Kuna mahali unapita unaona zege limelala kwenye nyasi, unaambiwa hapa palikuwa na josho. Kuna sehemu nyasi ni fupi na kijani kuliko pembeni, hapo palikuwa na boma la ng'ombe, mbolea ya miaka yote ile imebaki kwenye udongo, watafiti waliokuja kupima walikuta rutuba ipo bado miaka baada ya ng'ombe wa mwisho kuondoka. Mimi nikisimama mahali kama hapo nasisimkwa kuliko nikimuona mnyama, kwa sababu tumezoea kuambiwa pori ni kitu cha tangu na tangu, hakijaguswa na mtu, na hapa unaliona pori ambalo ni dogo kwa umri kuliko mimi, limeota juu ya kazi za watu, watu wa kwetu, wana majina na wajukuu.

Wanyama wengine tuliwaona haraka haraka tu na sitawachosha. Tohe wengi sana, ngiri na watoto wao mikia juu, nyani barabarani, nyati kwa mbali. Tembo tuliona kinyesi na mti uliovunjwa asubuhi ile, wao wenyewe hapana. Simba hatukumuona, na askari alituambia tangu getini kwamba simba wa hapa ni wachache na wanajificha, mwenye kutaka simba wa kupanga foleni aende Serengeti. Kitu ambacho huwezi kukipata Serengeti ni kutoka kwenye vichaka ghafla mbele yako kukawa na bahari. Hakuna ukuta hakuna hoteli, ni nyika halafu mchanga halafu maji, na nyayo za mnyama zimepita juu ya mchanga zikaishia pale maji yalipojaa usiku.

Madete ndo pwani yenyewe. Huko kasa wanapanda kutaga, na kutoka Madete kurudi kaskazini mpaka Ushongo kuna wanakijiji waliopewa mafunzo wanaozunguka ufukweni asubuhi kutafuta alama za usiku, wakikuta kiota kiko mahali maji yatakifikia wanahamisha mayai kwa mikono, moja moja, mia na zaidi wakati mwingine, wanayafukia juu, wanaandika tarehe, wanahesabu. Siku kati ya 50 na 60 hivi vitoto vinatoka. Kwa nini wanahamisha? Waulize wavuvi wa Pangani kuhusu kisiwa cha Maziwe. Wazee waliokiona wanasema kilikuwa na mivinje, kivuli kizuri, na kasa walikuwa wanapanda pale kwa wingi, halafu mchanga ukaanza kuliwa, miti ikaanguka mmoja mmoja, ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikubaki hata mmoja, leo ni fungu la mchanga mweupe linalozama maji yakijaa. Na kasa bado wanapanda! Wanarudi kutaga kwenye mchanga utakaofunikwa na maji, kwa hiyo watu wanawahi kuyachukua yale mayai kwa mashua wanayaleta bara Ushongo. Binti yangu alisikiliza hiyo akanyamaza kabisa njia nzima.

Kijiji cha Saadani nimekiweka mwisho kwa makusudi kwa sababu watalii wengi wanakipita kwenye gari kwenda kempu, na mimi nikiambiwa nichague kati ya kijiji na mbuga sitaweza kuchagua. Ni kijiji cha wavuvi, nyumba za udongo na makuti na mabati, ngarawa zimepandishwa juu, dagaa wameanikwa, harufu ya chumvi na moshi. Kusini yake kidogo kuna mashamba ya chumvi, mabwawa meupe marefu, na humo heroe wanashuka kula, ukiwaona kwa mbali ni kama mtu ameanika khanga za pinki.

Tulipokelewa na bibi mmoja ambaye ni mama mkubwa wa rafiki yake wifi. Tulipiga hodi, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, karibuni ndani kumekucha salama huko Tanga? Akatutandikia mkeka uani. Tukala bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa na kamba wa kukaanga waliotoka kwa wavuvi asubuhi ile ile, upande huu wa mdomo wa Mto Wami kamba ni wakubwa na watamu mno, na wali wa wifi ukaliwa na watoto wa jirani. Kwenye kula nikamuuliza bibi, hivi hapa mnafuga? Akacheka. Akasema mwanangu kuku na bata, mbuzi wachache, ng'ombe hapa aliletwa na mzungu tu na mzungu mwenyewe kaondoka. Sisi tuna bahari.

Nadhani ndo sentensi iliyobeba safari nzima. Watu wa pale hawakuwahi kugombania nyasi na nyati, maana mbung'o aliwanyima ng'ombe tangu zamani, wao wakageukia bahari na muhogo na minazi, mnyama akabaki na nyasi zake. Kijiji na pori vimekaa ubavu kwa ubavu karne nyingi kabla hajaja mtu na ramani.

Na hicho kijiji msikione kidogo. Saadani imetazamana uso kwa uso na Unguja, kwa hiyo misafara ya pembe iliishia hapa kama ilivyoishia Bagamoyo na Pangani. Na kwa nini pembe zilibebwa na mabega ya watu, Wanyamwezi kutoka bara miezi na miezi mzigo kichwani, kwa nini sio punda wala ng'ombe wa mikokoteni? Huyo huyo mbung'o. Mwaka 1876 mmisionari kutoka Wales, Roger Price, alitoka Saadani na ng'ombe wachache kujaribu njia ya Mpwapwa, wakafika wazima, akaandika kwao kwamba njia imepatikana. Mwaka uliofuata wakaja na msafara kamili, mikokoteni na ng'ombe wengi, ng'ombe wakaanza kufa njiani, wakazidi kufa, mpango mzima ukavunjika wakarudi kwa wapagazi. Ukisimama pale ufukweni ukiwaza mikokoteni ile iliyoachwa, halafu ukakumbuka josho la Mkwaja, unaona ni stori moja imerudiwa baada ya miaka themanini na watu wasiosoma ya mwanzo.

Mwenye mji enzi hizo alikuwa Bwana Heri, mkuu wa Wazigua wa Saadani, hakuwa mtu wa kuamriwa na sultani wa Unguja wala mwingine. Wajerumani walipokuja na vita vikaanza 1888 huyu alipigana upande wake kama Abushiri alivyopigana Pangani. Juni 1889 wakaupiga mji mizinga kutoka baharini wakauchukua, yeye akarudi nyuma porini akajenga boma Mlembule, wakahangaika naye mpaka Aprili 1890 ndo akakubali kuweka silaha. Mtaa wa Abushiri tunao, jina la Bwana Heri watoto wetu hawalijui, na hapa Tanga Wazigua ni ndugu zetu na wake zetu na waume zetu. Bibi anamtaja kama mtu aliyekuwa jirani yake.

Yeye mwenyewe ni Mzigua, na kwa Wazigua ukoo unahesabiwa kwa mama, akatutajia mama na mama wa mama yake mpaka tukapotea. Akasema pia kuna waliochukuliwa. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwafanya Wazigua wengi wa huku kuishia kwenye majahazi, wakauzwa Somalia, wakatoroka wakakaa kando ya Mto Juba, na wajukuu zao walikuwa bado wanazungumza Kizigua huko zaidi ya miaka 150 baadaye. Vita vya Somalia vilipowatoa, baadhi walirudi huku huku, wakapewa makazi Chogo kule Handeni na baadaye uraia. Nikamuuliza bibi unawaonaje wale? Akasema ni watu waliochelewa kurudi, basi.

Kuna jambo moja gumu na siwezi kuliruka maana wanakijiji hawaliruki. Kitongoji cha Uvinje, kilichoko pwani hapo hapo, kina mgogoro wa mpaka na hifadhi wa miaka mingi, wakazi wakisema ardhi ni yao tangu pori la akiba halijaanzishwa na wao ndo walioukaribisha uhifadhi, mamlaka zikisoma ramani tofauti. Mimi sio mwanasheria. Lakini nimesimama pale, nimeyaona makaburi ya zamani upande ule wa pwani, na sioni hifadhi ikiwa na faida ya kudumu kwa yeyote kama watu walioishi na wanyama wale muda wote huo wanafanywa wavamizi. Mtalii anayelala kwenye hema la dola mamia ajue samaki aliyekula jioni kavuliwa na nani na mvuvi huyo analala wapi. Naomba wenye uwezo wa kulimaliza hili wakae nao mkekani, wasikilize.

Mchana tulishuka Wami kwa boti. Hapa ningesema mengi ila nitasema machache, viboko wamejaa, unapita unasikia pumzi zao kabla hujawaona, mamba juani kwenye tope mdomo wazi, mdiria anatumbukia na kutoka na samaki, mbega weupe kwa weusi juu ya miti, halafu maji yanaanza kuwa na chumvi, mikoko inashika pande zote mbili, na upepo wa bahari unakupiga usoni. Nahodha alikuwa kijana wa kijijini, anaujua ule mto kona kwa kona, na alituambia mzee wake alikuwa anavua hapo hapo. Huyu kaajiriwa kuonyesha mto wake, na vijana kama yeye wawe wengi, mi ndo ninachotaka kukiona.

Kwa anayetaka kwenda, haya ndo ya kujua. Masika msiende, Machi mpaka Mei ule udongo mweusi ukilowa hata Land Cruiser linakaa, nendeni Juni kuendelea mpaka mvua za vuli hazijaanza, au Januari na Februari. Gari liwe la juu. Malipo ya getini ni kwa namba ya malipo kwenye simu au benki, msibebe keshi mkidhani mtalipa mkononi, na Mtanzania analipa kwa shilingi, kiingilio ni nafuu mno ukilinganisha na anacholipa mgeni, kwa hiyo kisingizio cha hela kwa familia yenye gari kinapungua nguvu. Vaeni kaki, kijivu, kahawia, nguo nzito zenye mikono mirefu. Chukueni mtembezaji wa kijijini, mlipeni vizuri. Kaleni kijijini, sio kempu tu. Na mkipita kwa wazee salimieni kwanza, kaeni, kamera zije baadaye kwa ruhusa.

Sisi msitu wa Zaraninge hatukuufikia, ule wa kusini magharibi ya hifadhi, wanasema mbega ni wengi zaidi na kuna miti ambayo ipo kwenye misitu hii ya pwani tu. Kaka ameshasema atatengeneza kioo. Tunakwenda masika yakiisha, gari lina nafasi mbili, mwenye kutaka kuungana nasi aseme mapema ili wifi ajue anapika wa watu wangapi.